Wanne na Mmoja: Mwanamke Anahesabiwa ao Anaongezwa?

Kuna swali moja tunapenda kuliweka mbele ya wasomaji wetu: mtu anayefungua njia, tunamlipa nini? Sifa inatosha, ao kuna deni ingine?

Tuchukue mfano wa mbali kidogo. Muziki wa rap, ambao vijana wetu wa Goma, Bukavu na Lubumbashi wanaufanya wao wenyewe leo, ulizaliwa New York, katika sehemu ya Bronx. Tarehe 11 Agosti 1973, binti mmoja, Cindy Campbell, alitayarisha karamu ili apate pesa ya nguo za masomo. Kaka yake, DJ Kool Herc, ndiye alipiga sahani. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa wasichana, senti 50 kwa wavulana. Wengi wanahesabu siku ile kuwa mwanzo, lakini wanataja kaka, dada wanamsahau.

Katika karamu za namna hiyo ndimo alimotokea Sha-Rock. Alianza kwa kucheza, kiisha akashika mikro. Wakati ule rap haikuwa bado na sahani. Ilipita kwa kaseti, mkono kwa mkono. Alikuwa mwanamke peke yake pamoja na waimbaji wanaume wanne, na kundi likaitwa Funky 4 + 1. Ile "moja" ni yeye. Mwaka 1979 walitoa sahani yao ya kwanza, na tarehe 14 Februari 1981 wakaonekana katika televizyo ya Marekani nzima, kipindi cha Saturday Night Live.

Tuangalie hesabu hii. Sisi walimu tunajua: nne na moja ni tano. Basi juu ya nini hawakusema tano? Wengine watajibu kwamba ni heshima: kama wangesema "watano", binti angepotea katikati ya wanaume. Kuna ukweli ndani yake. Lakini alama ile ya kuongeza inaonyesha pia kwamba wanne walionekana kamili hata bila yeye. Heshima na ubaguzi vinaweza kukaa katika jina moja.

Na kwetu? Kwenye matanga, mara mingi ni bamama wanaoanzisha wimbo, wengine wanaitikia. Kesho yake, nani anaandika majina yao? Lakini tulikuwa pia na Abeti Masikini, mzaliwa wa Kisangani, aliyeimba katika Olympia ya Paris mwaka 1973. Orkesta yake ilikuwa Les Redoutables, na jina lake ndilo lilitangulia. Yeye hakuongezwa, aliongoza.

Kuna wanaosema sanaa haina mume wala muke, anayeimba vizuri atakumbukwa tu. Hatukubali. Kumbukumbu haijiandiki yenyewe. Ni watu wanaochagua nani ataandikwa. Tukinyamaza, kila msichana anayeshika mikro katika mtaa wetu anaanza upya kama wa kwanza, na anabeba peke yake maneno ya majirani, hajui kama mwenzake alishapita njia ile.

Kwa hiyo deni letu si makofi tu. Ni kutaja jina, mwaka na kazi, darasani na nyumbani. Kidole gumba kinasimama kando ya vingine, lakini bila hicho mkono haushiki kitu, na hakuna anayesema mkono una vidole vinne na kimoja. Bandugu wasomaji, tuhesabu vizuri.