Paa la Nyumba Kuukuu

Katika viungo vyote vya nyumba, hakuna kinachotegemewa sana na kutazamwa kwa nadra kama paa. Ukuta twauona kila siku, mlango twaushika asubuhi na jioni, sakafu twaifagia. Lakini mbao zinazolibeba paa hukaa juu ya dari, gizani, pamoja na popo na mchwa, na mwenye nyumba aweza kulala chini yake miaka arobaini asijue ni mbao za namna gani. Huzikumbuka usiku wa masika, tone la kwanza linapoangukia kitanda.

Tuseme, msomaji, kwamba nyumba hiyo ni ya babu yako, nayo ilijengwa kabla ya Kenya kupata uhuru mwaka 1963. Mabati yake yameliwa na kutu, misumari imelegea, na kila msimu wa mvua sufuria moja zaidi huwekwa sakafuni kukinga maji. Jamaa wamechanga fedha, na fundi ameitwa ili aliezue paa la zamani na kuezeka jipya. Kwa mtazamo wa haraka jambo hili ni la mbao na misumari tu, wala halina haja ya kuandikiwa insha. Mimi naliona kuwa ni jambo la maadili, na tena gumu, maana ndani yake mmefichika swali hili: mtu ajuaye ana deni gani kwa mtu asiyejua, ikiwa yule asiyejua hana njia ya kumchungua?

Tazama kwanza jinsi babu alivyo mikononi mwa fundi. Fundi hupanda ngazi, na babu huishika ngazi chini. Fundi akishuka na kusema, "Mzee, kenchi zote zimeoza, hapana hata moja ya kubakiza," babu hana la kujibu. Pengine ni kweli. Pengine zimeoza mbao mbili tu zilizo karibu na mchirizi, ambako maji yamekuwa yakirudi nyuma, na nyingine zote zingedumu miaka ishirini zaidi. Naye anayetoa hukumu ndiye atakayelipwa kwa hukumu hiyo, na wahenga walikwisha kutwambia kuwa mwamba ngoma huvutia kwake.

Kisha huja mambo ya kazi yenyewe. Unene wa bati huhesabiwa kwa geji, na hesabu hiyo huenda kinyume cha matarajio ya mtu wa kawaida: bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na la geji 30 ni nene kuliko la geji 32. Asiyejua akiambiwa kuwa atapewa 32 badala ya 30 hufurahi, akidhani kuwa ameongezewa. Mbao nazo zapasa kuwa zimekauka, kwa sababu mbao mbichi husinyaa zikiwa juu, zikajipinda, na misumari iliyokuwa imeshika sana ikawa inacheza tunduni. Bati lenye mawimbi hupigiliwa juu ya mgongo wa wimbi, wala si bondeni mwake, kwa kuwa maji hupita bondeni, na tundu lililopo njiani mwa maji ni mlango uliofunguliwa. Mwisho wa bati moja hauna budi kupandia mwanzo wa jingine kwa kipimo cha kutosha. Ukipunguza kidogo kila safu, utabakiza bati moja au mawili ya kuuza kando, na upepo wa mvua utasukuma maji chini ya maungo. Haya yote yaonekana kwa fundi peke yake. Siku ya kukabidhiana, paa lililoezekwa vibaya na paa lililoezekwa vyema yang'aa sawasawa juani.

Mgiriki Plato, aliyeandika katika karne ya nne kabla ya Kristo, anacho katika kitabu chake cha Jamhuri kisa cha mchungaji aliyeokota pete ya ajabu. Alipoigeuza pete ile upande wa kiganja, watu hawakumwona tena. Mchungaji hakuchelewa: alimtongoza malkia, akamwua mfalme, akautwaa ufalme. Kisa hiki chasimuliwa kitabuni ili kuuliza kama mtu mwema, akipewa pete kama ile, angetenda tofauti na mwovu, au kama sote tu wema kwa kuwa tu tunaonekana. Watu husoma kisa hiki wakadhani kuwa ni ndoto ya wanafalsafa. Lakini pete ile ipo. Kila anayefanya kazi ambayo mwenzake hawezi kuikagua ameivaa kidoleni: fundi aliye juu ya dari, mwalimu anayesahihisha madaftari usiku peke yake, mchanganyaji wa dawa nyuma ya kaunta. Naye fundi wa paa ameivaa kwa muda mrefu kuliko wengine, maana kosa lake laweza kukaa kimya miaka mitano kabla ya kusema.

Wako watakaojibu kwamba dawa ya pete ni sheria. Jibu hilo ni la zamani sana. Mfalme Hammurabi wa Babeli, katika karne ya 18 kabla ya Kristo, alichongesha sheria zake juu ya jiwe ambalo sasa limo katika jumba la Louvre, Paris. Humo imeandikwa kuwa nyumba ikianguka kwa ubovu wa ujenzi ikamwua mwenyewe, mjenzi atauawa. Ikimwua mwana wa mwenye nyumba, atauawa mwana wa mjenzi. Ikiharibu mali, mjenzi atailipa mali hiyo na kuijenga nyumba upya kwa gharama yake. Hiyo ya mwana kuuawa kwa kosa la baba yake ni dhuluma, na sidhani kama nahitaji kukueleza kwa nini. Hiyo ya kujenga upya ni haki ambayo hata leo twaitamani.

Sisi nasi tunazo sheria. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2011 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na wakandarasi wakatakiwa kuandikishwa. Hata hivyo, mwezi wa Aprili mwaka 2016 jumba la orofa lilianguka Huruma, Nairobi, wakati wa mvua nyingi, likawafukia watu; waliokufa walizidi arobaini. Silitaji jambo hilo ili kuidharau sheria, bali kuonyesha mpaka wake. Sheria huja baada ya vumbi kutua. Tena huja pale nyumba inapoanguka, jambo ambalo kila mtu huliona. Paa linalovuja halimwui mtu. Huozesha dari, huharibu vitabu, humpa mtoto kikohozi, na mwenye nyumba huona kuwa nauli ya kwenda mahakamani na siku za kungoja zingemgharimu kuliko bati lenyewe. Sehemu kubwa ya udanganyifu wa duniani ni ya kimo hicho: ni mdogo mno kushtakiwa, na mkubwa wa kutosha kumwumiza mtu.

Hata sasa nimemsema fundi tu, na mwenye nyumba ameketi kivulini kama mtu asiye na hatia. Tumgeukie. Tuseme mafundi watatu wameipima nyumba ya babu. Wa kwanza ataka shilingi 310,000, wa pili 295,000, wa tatu 180,000. Bei za mbao na mabati zajulikana dukani, na babu amekwisha kuziuliza. Ajua kwamba vitu peke yake, bila ujira, vyafika 200,000. Basi fundi wa tatu ameahidi kufanya kazi kwa fedha zisizotosha hata kununua vitu. Babu atabasamu na kumpa kazi. Mwaka wa pili paa lavuja, naye alia kuwa ameibiwa.

Huwauliza wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu kama babu huyo ameibiwa kweli. Darasa hugawanyika, na kelele huwa nyingi. Wengine husema fundi alitoa ahadi, na ahadi ni ahadi. Wengine husema babu alinunua udanganyifu kwa macho wazi, akaupata kama alivyoulipia. Mwanafunzi mmoja, binti mkimya aliyekaa nyuma, aliwahi kusema neno ambalo halijanitoka: kwamba babu hakumwamini fundi hata kidogo, ila alitumaini kuwa atakayedhulumiwa ni mwingine, yaani mwenye duka la mbao, au kibarua, au mtu yeyote asiyekuwa yeye.

Naona kuwa binti yule aligusa kiini cha jambo. Bei isiyowezekana hulipwa na mtu fulani, kwa kuwa mbao haziji bure wala misumari haijipigi. Anayeikubali bei hiyo huku akijua haulizi nani atalipa, na kutouliza kwake kumepangwa. Lakini sikubali kwamba kosa lake lamwosha fundi. Watu wawili waweza kushika mzigo mmoja wa uovu, na kila mmoja akawa ameubeba wote. Fundi angeweza kusema, "Mzee, kwa fedha hizi naweza kuezeka upande wa vyumba vya kulala tu, jikoni tungoje mwakani." Hilo lingekuwa neno la kweli, na kazi ingekuwa nusu, lakini nusu iliyo nzima.

Yuko mtu wa tatu, naye kwangu ndiye mwenye madai mazito kuliko wote wawili. Ni kibarua. Nyumba nyingi za zamani, shule na nyumba za wafanyakazi wa serikali pia, ziliezekwa kwa mabamba ya asbestosi, ya rangi ya kijivu, mazito, yasiyoshika moto. Maadamu bamba ni zima, madhara yake ni machache. Likivunjwa, likikatwa kwa msumeno au likitupwa chini, hutoa vumbi la nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho, na nyuzi hizo zikiingia mapafuni hukaa humo. Maradhi yake, pamoja na saratani, aghalabu hutokea baada ya miaka ishirini au zaidi. Kanuni za taka za mwaka 2006 nchini Kenya zaihesabu asbestosi kuwa taka ya hatari, na yapasa iondolewe na watu wenye kibali, ikiwa imeloweshwa maji na kufungwa, kisha izikwe mahali palipotengwa. Mambo hayo yana gharama yake.

Basi yupo mwenye nyumba ajuaye habari hii, akanyamaza ili bei isipande. Yupo fundi ajuaye, akanyamaza ili asipoteze kazi. Na juu ya paa yupo kijana wa miaka kumi na minane, hana kitambaa puani, ana nyundo, ameambiwa avunje upesi kabla mvua haijanyesha. Jioni atapewa ujira wake na kushukuru. Akiugua akiwa na miaka arobaini na mitano, hataikumbuka nyumba ile, wala wale wawili hawatamkumbuka. Nimejaribu mara nyingi kutafuta udhuru wa wale wawili, nao sijaupata. Katika udanganyifu wa geji na misumari, aliyedhulumiwa alikuwa mezani wakati wa mapatano na angeweza kuuliza. Huyu hakuwapo mezani.

Utaniuliza, basi, babu afanye nini? Mambo ya desturi yajulikana, nami sitayakawilia: aombe mapatano yaandikwe, yataje geji ya bati na kipimo cha mbao, asilipe fedha zote mwanzoni, bali kwa kadiri kazi inavyokwenda, aende kuyatazama mapaa mawili matatu ambayo fundi aliezeka miaka ya nyuma, hasa siku ya mvua. Aulize pia kabla ya kuanza itakuwaje ikiwa, baada ya kuezua, itaonekana kuwa boriti iliyokuwa imefichwa na dari imeoza. Swali hili ni la lazima katika nyumba kuukuu, kwani hakuna ajuaye yaliyomo mpaka ifunguliwe. Fundi mwaminifu hulisema jambo hilo mwenyewe mapema. Yule mwingine hungoja mpaka nyumba iwe wazi, mawingu yakusanyike upande wa kusi, ndipo ashuke polepole ngazini na kutaja bei mpya.

Lakini mapatano yaliyoandikwa hayampandishi babu juu ya paa. Hapa wengine huona haya: wasema kuwa kumsimamia fundi ni kumtukana, kumwambia usoni kuwa ni mwizi. Sioni hivyo. Namjua fundi mmoja wa makamo ambaye, kabla ya kufunika, humwita mwenye nyumba, awe mzee au kijana, na kumwambia, "Panda uone." Asiyeweza kupanda huambiwa alete mjukuu. Huonyesha mbao moja moja, mpya na za zamani alizozibakiza, na sababu ya kuzibakiza. Huchukua saa nzima, na vibarua wake hunung'unika kwa kuwa jua linakwenda. Nilimwuliza kama huona uchungu kuchunguzwa namna hiyo. Alicheka, akasema kuwa bati likishafungwa hata yeye mwenyewe haoni tena, na kwamba baadhi ya wateja hukataa kupanda, wakamwambia wamemwamini. Hao, alisema, huwaonyesha wake zao.