Al-Khwarizmi ni Wetu. Je, Sisi ni wa Nani?



Ndugu zangu, kuna jina moja nililokuwa nikijivunia kana kwamba ni la babu yangu: Al-Khwarizmi. Mwalimu alipotaja algoriti darasani, niliinua mkono nikaeleza kuwa neno hilo limetokana na jina la Mwislamu. Nilisema kweli. Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi alifanya kazi Baghdad zama za Khalifa Al-Ma'mun, na maandishi yake yalipofasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, jina lake likawa Algoritmi. Wareno hadi leo huiita tarakimu algarismo. Hata mwezini, upande tusiouona, kuna shimo lenye jina lake.

Nisilolisema ni kwamba zoezi la algoriti la wiki ile nililinakili kutoka daftari la mwenzangu. Yeye si Mwislamu. Alikesha akilifanya, akaniazima ili nielewe, nami nikaandika jina langu juu yake.

Usiku ule nikajiuliza: fahari ile niliipata wapi?

Al-Khwarizmi si hata jina la ukoo. Ni nisba: mtu wa Khwarizm, nchi iliyo kusini mwa Bahari ya Aral, ambayo leo imegawanyika kati ya Uzbekistan na Turkmenistan. Wamelibeba watu mbalimbali. Yupo Abu Bakr Al-Khwarizmi, adibu wa karne ya 10 aliyesifika kwa barua zake. Yupo Muhammad bin Ahmad Al-Khwarizmi, mwandishi wa Mafatih al-Ulum. Jina moja, lakini kila mmoja anakumbukwa kwa kazi yake. Sisi Warundi tusishindwe kulielewa hili, maana kwetu ndugu wa tumbo moja huweza kuwa na majina tofauti kabisa.

Je, ni vibaya kujivunia waliotutangulia? Sidhani. Kuwakumbuka ni shukrani, na kijana aliyeambiwa kuwa watu wake hawakuvumbua kitu ana haki ya kuujua ukweli. Lakini Suratul Baqara, aya ya 134, inatukumbusha kuwa waliopita wana chumo lao, nasi tuna letu. Fahari inayoniamsha nikasome ni neema. Fahari inayonificha uvivu wangu ni ghururi.

Kitabu chake cha al-jabr kina sehemu kubwa ya mirathi na wasia, yaani hesabu za kumpa kila mrithi fungu lake. Mimi nililitukuza jina lake huku nikila jasho la mtu.

Nilimwomba radhi mwenzangu, kisha nikakiri kwa mwalimu. Zoezi likapata sifuri. Sifuri hiyo angalau ni yangu, na tangu siku ile mazoezi nayafanya mwenyewe, hata ninapokosea.

Wabillahi tawfiq.