Ziwa Nalo Lina Sabato Yake



Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa muda wa miezi mitatu, tangu Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaana na kukua. Wako walioshukuru, na wako walionung'unika. Sisi hatuwalaumu walionung'unika. Mtu aliyezoea kuilisha nyumba yake kwa dagaa na migebuka, akiambiwa aufunge mtumbwi wake, hana budi kuuliza: Watoto wangu watakula nini?

Hata hivyo, na tuitazame kazi ya kokoro. Wavu ule wa macho madogo hukokotwa mpaka ufukoni, mahali pale pale samaki wa aina nyingi wanapozalia na kukulia. Huwakumba wakubwa na vifaranga pamoja, na kuyavuruga mazalia. Mvuvi hurudi na ndoo imejaa, kumbe amekula mbegu ya mwakani.

Mwenyezi Mungu aliwafundisha Waisraeli jambo hili tangu zamani. Katika Kumbukumbu la Torati aliwakataza kumtwaa ndege mzazi pamoja na makinda yake. Na katika Kitabu cha Kutoka aliamuru shamba lipumzike mwaka wa saba, maskini wapate kula. Basi, kulipumzisha ziwa ni haki ya viumbe vya Mungu, tena ni haki ya watoto wetu watakaolirithi.

Lakini gharama ya haki hiyo asitwishwe mvuvi peke yake. Sheria ya mwaka wa saba ilimkumbuka maskini, nasi tumkumbuke. Wewe mama unayenunua samaki sokoni, kataa vifaranga, na kokoro litakosa faida. Wewe mwenye chombo na nyavu, usimdai mvuvi wako deni wakati ziwa limefungwa. Nanyi Wakristu wa parokia za mwambao, mwenye shamba na amgawie jirani yake unga na maharagwe katika miezi hiyo. Tusipofanya hivyo, tutakuwa tunamhubiria mwenye njaa subira isiyotugharimu sisi wenyewe kitu.

Bwana wetu alipofufuka aliwajalia Mitume samaki wakubwa 153, na wavu haukupasuka. Nao walipofika pwani walikuta amekwisha kuwawekea moto na mkate. Yeye aliyewaamuru watupe wavu ndiye aliyewaandalia chakula. Sisi tunaowaambia wavuvi wasiutupe, je, tumewaandalia nini?