Je, Kisasi Chaweza Kurudisha Shamba?

Sultani akiona nchi ya babu zake imeshikwa na watu wengine, moyo wamwuma. Si ajabu. Ardhi si nguo, kwamba ikichakaa utanunua nyingine. Ndipo walipozikwa wazee, ndipo wanapolima mama zetu. Basi kulilia ardhi si dhambi. Lakini je, aliyenyang'anywa ana ruhusa ya kulipa kisasi?

Sisi wa Ituri hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Sheria ya mwaka 1973 ilisema ardhi yote ni mali ya Serikali. Mashamba makubwa ya Wazungu yakapata wenyewe wapya, na mengi yakaangukia mikononi mwa Wahema wenye masomo na vyeo. Tena hati ya shamba ikiisha kukaa miaka miwili bila kupingwa, haikupingika tena. Mkulima angewezaje kupinga karatasi asiyoiona? Walendu wengi waliona wameonewa, wala hatuwezi kusema hawakuwa na sababu.

Mwaka 1999 ugomvi wa mashamba uliwaka huko Walendu-Pitsi, katika wilaya ya Djugu. Je, panga lilirudisha mipaka? La. Nyumba za pande zote mbili ziliteketea, na kufikia mwaka 2003 watu wapatao 50,000 na zaidi walikuwa wamekufa. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji cha Bogoro, karibu na Bunia, kilishambuliwa, wakauawa hata wanawake na watoto. Mtoto wa mgongoni aliandika hati gani? Alimfukuza nani shambani?

Hilo ndilo kosa la kisasi. Haki yamtafuta mkosaji. Kisasi chamtafuta yeyote aliye ndugu yake. Tena chaliua hata dai lenyewe. Jana ulikuwa mdai; leo, kwa sababu ya damu, umekuwa mdaiwa. Mahakama ya La Haye ilimhukumu Thomas Lubanga wa upande wa Wahema mwaka 2012, na Germain Katanga wa upande wa Walendu mwaka 2014. Hukumu hizo zilikuwa za makosa ya vita, si za mipaka. Na Desemba 2017 moto uliwaka tena Djugu.

Mtu atasema: "Kuhubiri ni rahisi. Mwenye fedha hununua hakimu. Tukinyamaza tutakufa njaa." Neno hili ni zito. Walakini hatusemi mnyamaze. Naboti hakunyamaza mbele ya mfalme Ahabu aliyelitamani shamba lake la mizabibu. Na Naboti alipouawa, Elia alimwendea mfalme mwenyewe uso kwa uso. Hakuwachomea raia nyumba zao.

Sultani mwema na afanye vivyo hivyo. Awataje waliotwaa, kila mmoja kwa jina lake, si kwa kabila lake. Awalete wazee wanaoijua mito na miti ya mpaka. Adai mbele ya watu wote, wala asichoke. Kazi hiyo ni ndefu, na pengine hataona mwisho wake. Lakini siku shamba litakaporudi, watu wake watakuwa hai wa kulilima.