Serikali Yalipia Masomo: Dhima ya Kuchagua ni ya Nani?

 

Tangu Januari 2026, watoto wetu waliomaliza Gredi ya 9 katika Mtaala wa Umilisi wameingia sekondari pevu, na kila mmoja hupangwa katika mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, au sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Yako masomo ya lazima, kama Kiingereza, Kiswahili na hisabati, kisha yako masomo matatu ambayo mwanafunzi huyachagua. Basi katika barza zetu twasikia kauli mbili. Wako wasemao: Masomo ni ya serikali, yeye ndiye alipaye, na yeye ndiye apangaye, sisi tuna neno gani? Na wako wasemao: Mtoto akishika sayansi dini itampita, kwani somo la dini ya Kiislamu, ambalo alilisoma kwa lazima mpaka Gredi ya 9, sasa limekuwa ni la hiari, na mahali pake ni katika sayansi za jamii, basi bora ashike yaliyo mepesi na dini yake imbakie. Kauli zote mbili zina khatari, na tungependa kuzitazama moja moja.

Tuanze na fedha. Katiba yetu ya mwaka 2010 imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya lazima isiyo na malipo. Karo ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2003, na ya masomo ya kutwa ya sekondari mwaka 2008. Kiwango kilichowekwa kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka kimekuwa ni shilingi 1,420 katika shule ya msingi, 15,042 katika sekondari ya chini, na 22,244 katika sekondari ya juu, ingawa zifikazo shuleni mara nyingi hupungua au hukawia. Je, fedha hizi zatoka wapi? Serikali haina mnazi wala shamba lichumwalo fedha. Mama auzaye mahamri asubuhi, anunuapo kipande cha sabuni, amekwisha kutoa kodi ya thamani, nayo ni shilingi 16 kwa kila 100. Mvuvi, mchukuzi wa bandarini, na fundi cherahani, wote wamo. Basi mwenye kusema kuwa masomo ni ya serikali na yeye hana neno, amefanana na mtu aliyechanga fedha za karamu kisha akakaa nje ya mlango akingoja kuitwa. Alipaye ni sisi. Serikali ni wakili wetu, na wakili huulizwa.

Wako wachache waonao vibaya kupokea elimu ya fedha hizi kwa kuwa hazina ya dola imechanganyika halali na haramu. Suala hili si geni. Imam Al-Ghazali, ambaye sisi wa madhehebu ya Shafii twamsoma katika darasa zetu, alilitengea mlango katika Ihyaa, akaeleza mali ya watawala hutoka wapi, na ni nani mwenye haki ya kuipokea. Mwenyewe alifundisha katika Nidhamiyya ya Baghdad, madrasa iliyofunguliwa mwaka 1067 kwa mali ya waziri Nidham al-Mulk. Akateuliwa mwaka 1091, akaiacha mwaka 1095 kwa kuikhofia nafsi yake, naye akaweka ahadi ya kutopokea tena mali ya sultani. Lakini mwaka 1106 alirudi kufundisha, katika Nidhamiyya ya Nishapur. Katika mwendo wake huu twaona kuwa hakuiacha elimu kwa ajili ya fedha za dola. Alichokikhofia ni fedha hizo kuugeuza moyo wa mwalimu. Na mali iliyokusanywa kwa raia, ikarudi kwa raia katika maslahi yao wote, mtoto wa raia ana haki nayo.

Imam huyo huyo ameigawa elimu mafungu mawili. Iko iliyo faradhi kwa kila mtu, nayo ni ile ambayo ibada yake na muamala wake havisihi bila yake. Na iko faradhi ya kutoshelezana: wakiifanya baadhi, wengine wamesalimika, wakiiacha wote, wote wamepata dhambi. Katika fungu hili la pili ameitaja tiba na hesabu, na hata kilimo na ushoni, kwani mji hausimami bila ya hayo. Kisha akawalaumu watu wa zama zake waliorundikana kwenye fiqhi na mijadala, hali miji mingi haina tabibu Mwislamu. Alistaajabu vipi faradhi moja ya kutoshelezana imekimbiliwa na watu wote, na nyingine haina mtu. Lawama hii ina zaidi ya miaka 900, na hata hivyo twaona kama imeandikwa jana kwa ajili ya mwambao wetu.

Tuutazame mwambao huo. Zama za ukoloni babu zetu waliziogopa shule, na khofu yao haikuwa bure: shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na serikali ilizisaidia kwa fedha. Mtoto alikwenda kutafuta hesabu akafundishwa na dini isiyo yake. Shule ya Waarabu ya Mombasa ilifunguliwa mwaka 1912, lakini wengi walibaki nyuma. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akawazindua Waislamu kuwa kuichukia shule hakumlindi mtoto, bali humwacha mikono mitupu. Na mwaka 1951 Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa ilianza kufundisha ufundi. Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali ya Uingereza, wote walikuwa wametia mkono katika fedha zake. Vijana walifundishwa uhandisi na ubaharia. Mahali hapo leo ndipo penye Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Wazee hao waliona kuwa kumfundisha kijana wa Kiislamu kuitengeneza mashine ni katika kheri ambayo mali yafaa kutolewa kwa ajili yake.

Sasa tujiulize bila ya kujihurumia. Ardhi ndiyo maudhi yetu makubwa hapa mwambao. Mtu akaa juu ya kiwanja cha babu yake asiwe na hati. Ni vijana wangapi wa mtaa wako waliosomea upimaji wa ardhi? Wake zetu waumwapo uchungu wa uzazi tungependa watazamwe na daktari mwanamke. Je, ni wangapi kati yetu waliowaachia binti zao wasome biolojia na kemia mpaka mwisho? Tumezaliwa kando ya bandari, na gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa mwaka 2021. Ni nani kati ya watoto wetu atakayekuwa nahodha au mhandisi wa meli, na ni nani atakayebaki kupanga mstari langoni akingoja kibarua? Hatusemi haya kwa kumhusudu mwenzetu aliyetoka bara akasoma akapata kazi. Yeye ametimiza haki yake. Twasema kuwa faradhi ya kutoshelezana haiondoki kwa kumlaumu aliyeitekeleza.

Ama kauli ya pili, ya wanaoikhofia dini, sisi twaiheshimu, kwani asili yake ni mapenzi. Lakini tupime vizuri. Somo la dini shuleni lina faida. Humpa mtoto tarehe ya Mtume, nguzo, na maana ya aya. Hata hivyo mtihani humwuliza mtoto nguzo za Sala ni ngapi. Haumwulizi kama alisali Alfajiri. Serikali yaweza kulipia maarifa ya Sala; Sala yenyewe haiwezi kuilipia. Wako watoto waliopata alama za juu katika somo hilo wakiwa hawaijui vyema kusoma Fatiha, na sababu ni kuwa somo lilichaguliwa kwa kukusanya alama. Kwa hivyo mzazi anayemnyima mwanawe fizikia ili apate kipindi cha dini, huenda akayakosa yote mawili: mji ukakosa mhandisi, na dini isipate mcha Mungu.

Elimu iliyo faradhi kwa kila mtu tangu zamani haikuwa ni deni la serikali. Ni deni la baba na mama, na mahali pake ni nyumbani, msikitini na madrasa. Na hapa ndipo tunapoona aibu. Mzazi humlipa mwalimu wa masomo ya ziada ya hesabu kwa saa moja zaidi ya anavyomlipa ustadhi wa madrasa kwa mwezi, na ustadhi huyo hungoja mpaka Ramadhani ndipo akumbukwe. Kisha tukaja barazani kulia kuwa shule imeichukua dini ya watoto wetu. Shule haikuichukua, sisi tuliiacha njiani.

Basi nasaha yetu ni hii. Kabla mtoto hajajaza masomo yake matatu, baba na mama wakae naye wamwulize kipaji chake, wamwulize na mwalimu wake, kisha wajiulize mji wao umepungukiwa na nini. Mwenye kipaji cha sheria, lugha au Kiarabu, naye ashike njia yake wala asidharauliwe, kwani mji wahitaji mawakili na makadhi pia. Shule ikiwa haina maabara, wazazi wahudhurie mikutano, wachague wawakilishi wenye kusema, na wadai, maana fedha ni zao. Na kila mtaa uitazame upya madrasa yake: saa zake zimfae mwanafunzi wa sekondari, na mwalimu wake alipwe ujira wa mtu mwenye watoto.

Serikali hulipia masomo kwa haja yake ya wafanya kazi. Haja hiyo si lazima iwe ndiyo nia yetu. Mtoto wako awezaye kukaa katika darasa hilo hilo, na kitabu hicho hicho, akinuia kuwaondolea waja wa Mungu dhiki yao, darasa hilo huwa ni ibada kwake. Nia hiyo hakuna wizara iwezayo kuitia katika mtaala. Itatoka kwako wewe mzazi, au haitatoka kabisa.

Mwenyezi Mungu atupe tawfiki sisi na watoto wetu. Amin.