Mtoto Mgonjwa na Ukweli wa Ugonjwa Wake

Je, ni halali baba na mama kumficha mtoto wao ugonjwa alio nao? Swali hili linamfikia katekista mara kwa mara, na karibu sikuzote linaletwa na wazazi wa watoto wenye damu ya SS. Wanasema: «Sisi hatusemi uongo. Tunanyamaza tu, kwa huruma.»

Tuwape haki yao kwanza. Kunyamaza si kusema uongo. Kanisa linafundisha kwamba hatulazimiki kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Padri anafunga kinywa juu ya maungamo, munganga juu ya siri za mgonjwa. Lakini siri hii ni ya nani? Mifupa inayouma si ya baba, wala si ya shangazi. Ni ya mtoto. Kama kuna mtu mwenye haki juu ya habari hiyo, ni yeye wa kwanza.

Na tena tunadhani tunamficha kitu asichokijua. Mwaka 1978 mwanamke mmoja wa Marekani, Myra Bluebond-Langner, alitoa kitabu juu ya watoto wenye kansa ya damu. Alikaa nao hospitalini, akawasikiliza. Aliona kwamba hata wadogo walijua kwamba watakufa, ingawa hakuna mtu mkubwa aliyewaambia. Nao walinyamaza vilevile, wakijifanya hawajui, kwa ajili ya wazazi wao. Basi fikirini nyumba ya namna hiyo: kila mtu anamhurumia mwenzake, na kila mtu analia peke yake.

Kwetu mambo ni mabaya zaidi, sababu kimya chetu hakikai kitupu. Munganga anajua kwamba katika SS chembe nyekundu za damu zinapindika kama mundu, zinaziba mishipa midogo, ndipo mifupa inauma. Ugonjwa unatoka kwa baba na mama pamoja: kama wote wawili ni AS, kila mimba ina hatari 1 kati ya 4. Wao wenyewe ni wazima, na mara nyingi hawakujua lolote. Mambo haya yanaelezwa kwa muda mfupi. Yasipoelezwa, jirani ataeleza kwa namna yake: mama ana damu mbaya, au mtoto ni mulozi, anakula feza ya baba yake na nguvu za wadogo wake. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009, ile ya kulinda watoto, inamwazibu mtu anayemshitaki mtoto ulozi. Ni vema. Lakini sheria haiingii usiku ndani ya kichwa cha mtoto wa miaka 8 aliyesikia neno lile nyuma ya ukuta. Hana maelezo mengine, basi anaamini. Kwangu mimi jambo hili linatisha kuliko maumivu yenyewe: mtoto anayeomba msamaha kwa kuwa mgonjwa. Wanafunzi wa Yezu nao waliuliza juu ya yule kipofu, ni nani aliyefanya zambi, yeye au wazazi wake. Yezu alikataa yote mawili. Mtoto anahitaji kusikia jibu hilo kwa kinywa cha baba yake, si kanisani tu.

Wadogo wake walio wazima tusiwasahau. Anayeona yai na soda zinakwenda kwa mgonjwa kila siku, naye ana swali lake, hata kama sisi tunaliita kijicho.

Wengine watasema: ukweli utamvunja moyo. Ndiyo, ukitupwa kama jiwe. Lakini kumwambia mtoto ugonjwa wake si kumwambia siku ya kufa. Siku hiyo hakuna anayeijua. Na ukweli wa leo si ule wa wazee wetu. Dawa ya hidroksiyurea ilijaribiwa kwa watoto 606 huko Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale, na habari zake zilitangazwa mwaka 2019: maumivu, malaria, kuongezwa damu na vifo vilipungua kuliko mbele ya kuanza dawa. Haiondoi ugonjwa, na bei yake inashinda nyumba nyingi. Shauri hilo Wakristu wangepaswa kulisema kwa sauti mbele ya wakubwa. Lakini mtoto asiyejua ana nini, atakubali namna gani kumeza dawa hata siku asizoumwa? Ataelewaje kwa nini anywe maji mengi, ajilinde na baridi, aseme mara maumivu yanapoanza?

Aambiwe basi kidogo kidogo, kadiri anavyouliza. Wa miaka 5 inamtosha kusikia kwamba damu yake ina umbo lingine, na kwamba hakukosa neno. Mkubwa aelezwe AS na SS, maana siku ya kuchumbia inakuja. Na akiuliza, «Papa, nitapona?», asijibiwe, «Nyamaza, lala.» Baba aseme lililo kweli: kwamba ugonjwa utabaki, na kwamba yeye naye atabaki. Kisha asiondoke upesi. Mara nyingi mtoto ana swali la pili, na hilo ndilo alilokuwa akiliogopa.