Nani Apewe Kalamu ya Kufuta?

Ndugu zetu, wako miongoni mwetu wanaoitaka serikali ipige marufuku kila gazeti na kitabu kiharibucho tabia za vijana. Hoja yao hatuidharau. Neno ovu lina madhara, na mzazi aliyemwona mwanawe akipotezwa na alichokisoma haambiwi kuwa maneno ni upepo.

Lakini twauliza: ni nani atakayehukumu kuwa hili ni ovu na lile ni jema? Mwenye kupewa kalamu ya kufuta haishii kwenye uchafu. Hufuta pia lile limchomalo yeye.

Ushahidi hatuufuati mbali. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika waraka ulioitwa "Kenya: Twendapi?", akiilaumu serikali kwa ilivyokitendea chama cha upinzani, KPU. Hakushitakiwa kwa kuharibu tabia za mtu. Alishitakiwa kwa uchochezi, akakaa kifungoni mpaka 1972. Humo alitunga kwa siri mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 kitabu hicho kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta, yaani zawadi yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga! Mwandishi alifungwa, lakini swali lake halikufungika.

Hatusemi kila neno liachwe. Achocheaye watu wauane na ashitakiwe hadharani, ushahidi utolewe, naye ajitetee. Katiba ya 2010, kifungu cha 33, imeulinda uhuru wa kusema na haikuuingiza humo uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki. Huo ni mpaka wa haki. Ama kuzuia kitabu kwa amri ya afisa asiyetoa sababu, huko ni kuwafanya watu wazima kuwa watoto.

Nasi tulio wachache katika nchi hii tuzingatie zaidi. Leo twashangilia likifungwa gazeti la mwengine. Kesho zitazuiwa hutuba na darasa zetu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Dini yetu imetuamrisha kuzichunguza khabari kabla ya kuziamini. Atachunguzaje mtu alichokatazwa kukisoma? Basi kitabu kibaya na kijibiwe kwa kitabu chema, na wana wetu tuwafunze majumbani na vyuoni kupambanua. Kazi hiyo ni yetu, wala tusimtupie polisi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuongoa.